Wakili wa Dada Yake

Walikuwa wawili tu, dada na mdogo wake wa kiume, na mpaka wanazeeka walibaki wawili hao hao. Mama yao alifariki huyu mdogo akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Baba yao, dereva wa malori ya masafa marefu, aliondoka safari moja ikawa ndefu kuliko zote: alipata mke mwingine huko alikokwenda, akasahau njia ya kurudi. Dada akawa mama, akawa baba, akawa mtu wa kugombana naye vilevile. Alikuwa bado msichana. Aliacha shule bila kumuuliza mtu, akaenda kuomba kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kubwa ya mji, akapewa aproni na mabuti ya mpira yaliyompwaya.

Chumba hicho kilikuwa chini ya jengo, hakina dirisha. Boila ilinguruma kutwa nzima, kuta zilitoka jasho, na mashuka yalitoka kwenye mashine yamesokotana kama utumbo. Kazi ya dada ilikuwa kuyasokotoa, kuyanyoosha na kuyakunja. Mdogo wake akitoka shule alishukia huko, akapanda juu ya rundo la mashuka safi na kusoma masomo yake kwa sauti, maana mngurumo wa boila ulimlazimisha kupaza sauti ili ajisikie mwenyewe. Wafuaji walimcheka.

"Mtoto ana mdomo huyu! Atakuwa wakili."

Dada hakucheka. Alilichukua neno lile kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani, akatazama huku na huku, akakitia mfukoni. Tangu siku hiyo hakumwita mdogo wake jina lingine. "Wakili, njoo ule. Wakili, umeosha miguu? Wakili, nitakuchapa." Kwa hiyo yule mtoto alikuwa wakili miaka mingi kabla ya kuwa wakili, na siku alipoapishwa kweli, mbele ya jaji mkuu, dada peke yake ndiye hakushangaa.

Alikuwa wakili mzuri. Si wa kelele. Alikuwa na namna ya kumuuliza shahidi maswali kwa upole mpaka shahidi akajikuta ameshasema kila kitu. Vitambaa vyake viwili vyeupe vya shingoni, vile wanavyovaa mawakili mahakamani, dada alivitia wanga wa hospitali na kuvipiga pasi mpaka vikawa vikavu kama vigae. Siku zake za mapumziko alikwenda kukaa benchi la nyuma mahakamani, kashika mkoba mapajani, akitazama. Mambo ya vifungu na rufaa hakuyafuatilia. Alitazama nyuso. Na jioni, mdogo wake akishavua viatu, swali lilikuwa moja.

"Haya. Kesi imekwendaje?"

Naye humsimulia yote huku wanakula. Aliigiza jaji anavyosinzia, akaigiza shahidi anavyomeza mate, akaigiza wakili wa upande wa pili anavyovuta suruali juu kila akikosa hoja. Dada alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Mtu akimuuliza leo huyo mdogo mtu, ambaye sasa ni kardinali, ni lini alikuwa na furaha, nadhani atataja meza ile, ingawa wakati ule hakujua kuwa ndiyo furaha yenyewe. Nani hujua?

Sasa, watu wakisikia mtu ameacha uwakili akawa padri, hutaka kusikia kisa kikubwa. Labda alimwokoa mwizi, mwizi akaua. Labda aliota ndoto. Hakuna. Karibu na mahakama palikuwa na kanisa la zamani lenye kuta nene, na saa ya chakula cha mchana jua lilipokuwa kali yeye aliingia humo kupumzika kwa sababu palikuwa na ubaridi. Basi. Aliingia kwa ajili ya ubaridi. Alikaa benchi la pembeni akala mkate wake kwa siri, akanyamaza kidogo, akarudi kazini. Kisha akaanza kusahau mkate. Kisha akaanza kuchelewa.

Siku moja karani wa mahakama alimfuata mle ndani akihema, viatu vyake vikigonga sakafu.

"Mheshimiwa wakili! Jaji yuko kitini. Wote wanakusubiri wewe. Nimekutafuta mpaka mahabusu!"

"Kwani saa ngapi?"

Karani alimwambia. Wakili alimtazama kama mtu aliyeamshwa. Aliona amekaa pale dakika chache tu, kumbe mchana ulikuwa umekwenda. Alipokuwa akikimbia kurudi, joho mkononi, alijisemea: mahali ninapotakiwa nakwenda kwa kukimbizwa, na hapa nimekuja mwenyewe. Neno hilo halikumtoka tena.

Alimwambia dada jioni moja akiwa anapiga pasi.

"Dada, nataka kuacha kazi."

"Ofisi ipi imekuita?"

"Si ofisi. Nataka kwenda seminari."

Pasi ilisimama. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Kuna mwanamke kakukataa?"

"Hapana."

"Umeiba?"

"Dada!"

"Mtu mzima, haumwi, hajakataliwa, hajaiba. Anaachaje kazi kama yako?"

"Mungu ananiita."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ilikwisha kujaa chumba, lakini dada hakuinua mkono. "Mungu ana mapadri wengi," alisema. "Mimi ndugu ninaye mmoja."

Ndipo alipomkumbusha fundi wa boila. Mdogo mtu alimkumbuka: mwanamume mpole mwenye mikono myeusi kwa grisi, aliyekuwa akimchongea penseli kwa kisu. Alihamishiwa mji mwingine, wakati ule ilionekana hivyo tu.

"Alitaka kunioa," dada alisema. "Nikamwambia ndugu yangu ana mtihani. Akasema atangoja. Nikamwambia baada ya mtihani kuna chuo. Akaelewa, akaenda zake. Sikulia. Nilijiambia, siku moja Wakili atakuwa na nyumba, atakuwa na mke na watoto, na mimi nitakuwa na chumba changu mle, nitawalea wale watoto. Haya niambie. Padri ana nyumba? Padri ana watoto?"

Wakili alisogea kwenye meza. Aliinua pasi akaiweka pembeni. Kwenye shati palibaki alama ya kahawia, na dada alilikunja hivyo hivyo, akalipanga na mengine.

Alikwenda. Dada hakumzuia wala hakumsindikiza.

Kule seminari wenzake walikuwa vijana waliotoka shule juzi, na yeye nywele za utosini zilishaanza kumuaga. Walimwita Mzee wa Rufaa. Walimpenda, lakini kumpenda mtu na kukaa naye ni mambo mawili. Baada ya sala za jioni sheria ilikuwa kimya, na katika kimya hicho alijikuta amejaa maneno ya siku nzima, hana wa kumwambia. Alimwambia Mungu. Alisema baadaye kuwa Mungu husikiliza vizuri, ila hacheki kwa sauti.

Siku ya kupewa upadre alimwekea dada kiti mbele kabisa. Kiti kilikaa wazi misa nzima, mpaka mwanakwaya mmoja akaweka mkoba wake juu yake. Kesho yake alikwenda mwenyewe nyumbani kwa dada. Alikuta mlango wazi na sufuria jikoni.

"Karibu, Wakili. Umekonda."

"Nimekuletea baraka yangu ya kwanza, dada."

"Nibariki nikiwa nimekaa. Magoti yanauma."

Alimbariki. Dada alifumba macho, kisha akayafumbua akasema maharage yanapoa. Walipokuwa wakila alimtazama shingoni, pale kwenye ile kola ya kipadri, akasema, "Kumbe kitambaa ni kilekile cheupe. Wamekikata mikia tu." Yeye alicheka. Dada hakucheka. Wazee walisema mwenye kovu usidhani kapoa.

Parokia yake ya kwanza ilikuwa pembezoni mwa mji, kanisa la mabati, kelele za karakana jirani zikishindana na mahubiri. Pale alikuwa na amani. Watu walimgongea mlango kwa sababu yoyote: mtoto anaumwa, mlevi kalala getini, ndoa inavunjika. Lakini askofu alikuwa na jicho. Alimwita akamwambia, "Padri, wewe unajua sheria, na sisi tuna kesi za ndoa zimelala miaka." Akampeleka ng'ambo kusomea sheria za Kanisa, na aliporudi akamweka kuwa hakimu wa mahakama ya jimbo: chumba chenye meza ndefu na saa ya ukutani, waume na wake wakipita mmoja mmoja kusimulia yaliyowashinda. Dada aliposikia alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya pasi.

"Umeikimbia mahakama ukaingia mahakamani! Si ungebaki tu?"

Kutoka hapo alipanda, na kila alipopanda alipoteza mtu. Si kwa ubaya. Alipofanywa askofu, wale mapadri aliokuwa akitaniana nao walianza kusimama akiingia. Alipofanywa askofu mkuu, walianza kunyamaza. Rafiki zake wa zamani wa uwakili walimpigia simu, na kila simu ilianza na habari za afya na kuishia na ombi. Habari za ukardinali alizipata kwa mlinzi wa geti. Ilikuwa Jumapili, ametoka kubariki watoto, mlinzi akaja mbio ameshika redio kama kifaranga.

"Baba! Wamekutaja! Baba Mtakatifu kakutaja kwa jina!"

"Nimefanya nini tena?" aliuliza, na hilo ndilo neno lake la kwanza kama kardinali.

Waandishi wa habari walikwenda mpaka kwa dada, wakati huo amestaafu, anapalilia maua yake mlangoni. Walimuuliza anajisikiaje kuwa na ndugu kardinali. Aliwajibu kuwa yeye ana ndugu wakili. Kama wanatafuta kardinali, wamekosea nyumba.

Basi akawa Mwadhama. Jina lake lilibaki kwenye hati ya kusafiria tu. Nyumba ya askofu mkuu ilikuwa kubwa, ya ghorofa, yenye korido iliyong'arishwa mpaka ikaonyesha sura yako. Kwenye chumba cha chakula palikuwa na meza ya kukalia watu kumi na wawili, na jioni nyingi palikuwa na sahani moja. Padri katibu, kijana nadhifu aliyejua kila kitu isipokuwa kuketi bila kuitwa, alikuwa akila mapema jikoni ili asimsumbue mkubwa wake. Mkubwa naye hakumwita, akidhani kijana anataka kupumzika. Wakaishi hivyo miaka, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma upande wake wa ukuta. Kardinali alikula akisikia kijiko chake mwenyewe.

Kisha mlinzi wa hospitali alipiga simu. Alisema kuna bibi anakuja kila asubuhi na aproni mkononi, anataka kushuka chumba cha kufulia. Wanamrudisha, kesho anakuja tena. Leo kalia. Alipoulizwa ndugu zake, kasema ana mdogo wake, wakili, na mfuaji mmoja mzee ndiye aliyewaambia wakili huyo ni nani sasa.

Kardinali alikwenda mwenyewe kumchukua. Padri katibu alijaribu kusema kwa adabu kuwa kuna nyumba za masista zinazotunza wazee vizuri sana, Mwadhama, na kwamba nyumba hii, itifaki yake...

"Padri," kardinali alimkatiza, "mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Andaa chumba kile cha chini, chenye jua la asubuhi."

Sista mmoja muuguzi akaletwa kumwangalia. Dada alilala, aliamka, alikula, hakusumbua. Jioni ya kwanza kardinali alipotoka ofisini alimkuta amekaa kitini karibu na dirisha, anakunja taulo lile lile na kulikunjua. Aliinua uso, na uso ule ulikuwa umefunguka kama wa zamani.

"Haya. Kesi imekwendaje?"

Alisimama mlangoni na kanzu yake na msalaba wake kifuani. Hakuwa amesikia swali hilo tangu akiwa kijana. Lakini alikuwa mtu wa kusema kweli, basi akapiga goti mbele yake akamshika mikono.

"Dada, mimi si wakili tena. Niliacha. Mimi ni padri."

Uso ulijifunga. "Umeacha kazi?"

"Zamani, dada. Zamani sana."

"Umeacha kazi," alirudia, na machozi yakaanza. "Na fundi wa boila nimeshamwambia aende. Nimeshamwambia, Wakili! Sasa nitamwitaje tena?"

Alilia kama mtu aliyeambiwa leo. Na kwake ilikuwa leo. Kardinali alibaki pale magotini mpaka sista alipokuja kumlaza. Kesho yake dada alikuwa amesahau kilio chote, na jioni akauliza vilevile, kwa furaha ileile. Kardinali alijaribu tena, kwa maneno laini zaidi. Ikawa vilevile. Mara ya tatu alipofungua kinywa, aliona tayari kile kidevu kinavyoanza kutetemeka, akanyamaza. Mara moja alimvunja moyo huyu mtu, akapewa miaka yote hii ya kujitetea. Je, amvunje kila jioni?

Wala hakutaka kumdanganya. Alilibeba jambo hilo kutwa nzima, akisaini barua bila kuzisoma vizuri. Jioni ilipofika, aliingia, akavua viatu, akakaa kitandani karibu na kiti chake.

"Kesi imekwendaje?"

"Leo," alisema polepole, "walikuja watu wawili wanagombania kiwanja. Mmoja anasema alipewa na marehemu, mwingine anasema marehemu hakuwa na akili timamu."

Ilikuwa kweli tupu. Walikuwa mapadri wawili, na kiwanja kilikuwa cha parokia, lakini hayo dada hakuuliza.

"Mmoja wao anaonekanaje?"

"Mnene. Akisema uongo anashika sikio."

Naye kardinali akashika sikio lake, akavimbisha mashavu. Dada alicheka. Alicheka kile kicheko cha mezani kabisa, akatafuta kitu cha kufutia macho, akakuta taulo.

"Na wewe ukasemaje?"

"Nimewapa wiki waelewane."

"Wafunge wote wawili!" dada alisema. "Wiki ya nini?"

Kuanzia hapo kila jioni alimsimulia. Askofu aliyenunua gari kubwa kuliko barabara zake. Mfadhili aliyetaka jina lake liandikwe kwenye kengele. Mama aliyekuja kutoka mbali kumwomba amwombee mwanawe aliyeko gerezani, akasahau jina la gereza. Hilo la mwisho alipolisimulia alisukuma sahani kando, na dada akampiga kofi dogo gotini akamwambia, "Kesi nyingine huwezi, Wakili. Kula." Wakati mwingine ushauri wake ulikuwa na maana, mara nyingi haukuwa na maana yoyote, na kila mara ulimwondolea mzigo. Mchana, katikati ya kikao kirefu, kardinali alijikuta akimtazama mtu anavyovuta pua na kuwaza: hii nitamwonyesha dada.

Ilitokea siku moja wamekuja maaskofu wageni kwa chakula cha mchana. Meza imejaa, padri katibu amesimama nyuma kama mlingoti, mazungumzo ni mazito. Mlango ukafunguliwa, dada akaingia na gauni la kulalia, pete ya pazia aliyoichomoa dirishani mkononi, sista akimkimbilia nyuma. Akatembea moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha mdogo wake.

"Wakili, mbona leo umechelewa? Kesi imekwendaje?"

Vijiko vilisimama. Padri katibu alipiga hatua, uso umemwiva. Kardinali aliinua mkono kumzuia. Akasukuma kiti chake nyuma, akamketisha dada kwenye kiti cha pembeni yake, akamwekea kitambaa mapajani.

"Bado inaendelea, dada. Hawa wote ndio mashahidi."

Dada aliwakagua maaskofu mmoja mmoja na kofia zao. "Hawa?" aliuliza. "Wanaonekana wamekula vizuri."

Askofu mzee kuliko wote alianza kutikisika mabega, akashindwa kujizuia, akaangua kicheko, na meza nzima ikamfuata. Dada alikula nao mpaka mwisho, akapongeza jinsi vitambaa vya meza vilivyonyooshwa.

Jioni hiyo, wakiwa wawili chumbani, alitazama dari, akatazama dirisha lile pana na bustani nje yake.

"Nyumba yako nzuri, Wakili. Nilijua tu utajenga. Na chumba changu kina jua." Aligeukia mlango. "Watoto wako wapi?"

Kardinali aliangalia mikono yake. Nje wafanyakazi wa bustani walikuwa wakiagana, mlinzi akiwatania, sista mpishi akimwita mtu achukue mkate wa watoto wake.

"Wametawanyika, dada. Ni wengi."

"Watarudi," dada alisema. "Njaa ikiwauma watarudi."

Alifariki msimu wa mvua, asubuhi, sista akimchana nywele. Hakuumwa siku nyingi. Kardinali alikuwa ofisini, na alipofika mkono wake ulikuwa bado na joto. Alimpaka mafuta matakatifu, akasema maneno yote ambayo alikuwa amewasemea wengine maelfu, na hakukosea hata neno moja, kwa kuwa mdomo ulijua njia wenyewe. Yeye hakuwamo katika mdomo ule.

Mazishi yalikuwa makubwa kuliko dada angependa. Walikuja mawaziri, walikuja wakubwa wa dini nyingine, zilikuja shada za maua zenye utepe. Wote walikuja kwa ajili yake, si kwa ajili ya marehemu, maana hawakumjua. Walipita mbele yake mmoja mmoja, wakainamia pete. "Pole, Mwadhama. Pole sana, Mwadhama." Alikuwa ameandika mahubiri mazuri, lakini aliposimama aliyakunja.

"Huyu alikuwa mfuaji," alisema. "Alinifulia. Nilimkosesha mengi, na hakunificha. Mwombeeni." Akakaa. Watu walitazamana, wakasubiri mengine, hayakuja.

Wiki zilizofuata alifanya kazi kama kawaida. Alipotoka ofisini miguu ilimpeleka chini, kwenye korido ile, mpaka mlangoni, ndipo anakumbuka. Godoro lilikuwa limeondolewa, kitanda kimebaki chuma. Mara moja alikaa juu ya vile vyuma na siku yake nzima kifuani, na ilikuwa siku yenye mambo ya kuchekesha kweli: kwaya mbili zilikuwa zimegombania ngazi za kusimamia kanisani. Alikaa nayo. Kisha akapanda juu kula. Upweke aliouzoea kabla ulikuwa kama chumba ambacho hajawahi kukaa mtu. Huu ulikuwa chumba ambacho mtu ametoka, na tofauti yake anaijua aliyevikalia vyote viwili.

Umri wa kustaafu ulipofika aliandika barua ya kuomba kupumzika, akakubaliwa, akamkabidhi mwingine ile nyumba. Alihamia makao ya mapadri wazee, mstari wa vyumba vidogo vyenye baraza moja. Siku za kwanza wenzake walisimama akipita. Baadaye, kwa kuwa magoti ni magoti, waliacha.

Jirani yake wa mlango wa pili alikuwa padri mmoja kiziwi, mtu wa kunung'unika, aliyekuwa akifungua redio kwa sauti ya kutikisa ukuta na hasikii kitu. Mchana mmoja wa mvua umeme ulikatika. Kardinali alikuwa peke yake anajaribu kuchemsha chai kwenye jiko la mafuta, kazi ambayo hakuwa ameifanya tangu ujana, na moshi ulishajaa chumba. Kiziwi akagonga mlango kwa fimbo.

"Unachoma nini humo?"

"Chai!"

"Eeh?"

"Chai!"

"Chai haichomwi!" alifoka yule padri, akaingia bila kukaribishwa, akapunguza utambi, akatafuta kikombe, hakukiona, akajimiminia kwenye bakuli. Kisha akaketi kwenye kiti pekee kilichokuwapo. Kardinali aliketi kitandani. Mvua ilipiga bati kwa nguvu kiasi kwamba hata mwenye masikio mazuri asingesikia neno. Wakanywa. Yule kiziwi alipomaliza hakuondoka. Alinyoosha bakuli aongezewe, naye kardinali akainuka akamwongezea.